Pikapu mpya, taa ya njano: gharama ni ya nani?

BEI ya wastani ya gari jipya nchini Marekani ilivuka dola 50,000 kwa mara ya kwanza Septemba 2025, kwa mujibu wa hesabu za kampuni ya Kelley Blue Book, na pikapu kubwa huuzwa juu ya wastani huo. Mnunuzi aliyetoa fedha kiasi hicho ana haki ya kutarajia walau mwaka mmoja bila kuiona gereji. Hata hivyo wapo ambao, wiki chache tu baada ya kukabidhiwa funguo, wanaona taa ya njano ya injini imewaka mbele ya usukani, ilhali gari linavuta vizuri, halitetemi na halili mafuta kupita kiasi. Likisomwa kwa mashine linatoa namba kama P0455, P0442 au P0456. Zote tatu zinasema jambo moja: mvuke wa petroli unavuja mahali fulani kati ya tenki na injini.

Uvujaji wa namna hiyo hauzimishi gari njiani. Hasara inaanza pale mwenye gari anapopewa namba na fundi wa kwanza akaitafsiri kuwa jina la kifaa. Kifaa kinanunuliwa, taa inarudi. Kinanunuliwa cha pili. Mfuniko wa tenki, kisha vali, kisha kopo la mkaa lenye bei ya mamia ya dola, na mwisho wa yote inagundulika kwamba ni bomba la mpira lililochomoka juu ya tenki. Huko ni kubahatisha kwa fedha ya mtu mwingine, na biashara ya ukarabati inafaidika nako zaidi kuliko inavyopenda kukiri.

Mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kudhani hayo ni ya Wamarekani wenyewe, kwa kuwa Tanzania na Kenya ni nchi za usukani wa kulia. Lakini Kongo, Rwanda na Burundi huendesha upande wa kulia wa barabara, magari yao ni ya usukani wa kushoto, na bandari ya Dar es Salaam ni mlango wao. Anayemwagizia pikapu ya Marekani mteja wa Lubumbashi au Bujumbura, pamoja na ndugu yake aliyeko Houston anayemnunulia huko, wote wawili wanabeba hatari hii. Na anayeweka akiba yake katika hisa za viwanda vya magari naye anaibeba, ingawa kwa njia nyingine.

Kwanza ieleweke kompyuta ya gari inatafuta nini. Petroli hugeuka mvuke hata gari likiwa limeegeshwa, na mvuke huo ukikutana na jua pamoja na moshi wa magari huzaa ule ukungu mchafu ulioifanya Los Angeles ijulikane vibaya. Ndiyo maana California ilidai vifaa vya kuuzuia katika magari ya mwaka 1970, na Marekani nzima ikafuata mwaka 1971. Mtambo wenyewe si mgumu. Mvuke kutoka katika tenki unapelekwa kwenye kopo lililojaa mkaa maalumu ambao huunasa. Injini ikishawaka na kupata moto, vali ya kunyonyea inafunguka, injini inauvuta mvuke ule na kuuchoma kama mafuta mengine. Upande wa pili wa kopo ipo vali ya hewa, inayoruhusu hewa safi kuingia kuchukua nafasi yake.

Kuanzia magari ya mwaka 1996, sheria iliitaka kompyuta ijipime yenyewe. Inafunga vali ya hewa, inatengeneza mvuto ndani ya tenki, kisha inaangalia kama mvuto ule unashikilia au unapotea. Awali ilitakiwa igundue tundu la milimita moja. Kuanzia magari ya mwaka 2000 kiwango kikashushwa hadi nusu milimita, yaani unene wa risasi ya penseli ya kubonyeza. Pikapu nyingi za siku hizi hufanya kipimo hiki injini ikiwa imezimwa, kwa kutumia kupoa kwa tenki au pampu ndogo.

Kipimo cha namna hiyo hakina macho. Kompyuta inajua tu kwamba mvuto haukushika. P0455 ni upungufu mkubwa, P0442 mdogo, P0456 mdogo sana. P0457 ndiyo inayokaribia kutaja kitu, nayo inadhani mfuniko wa tenki umelegea. Namba nyingine ni za tabia tofauti kabisa: P0441 na P0496 zinalalamikia mtiririko wa mvuke usiolingana na amri, na P0443 na P0449 zinahusu umeme wa vali. Fundi anayezichanganya zote na kuziita "ya mfuniko" amekwisha kumpotezea mteja wake nusu ya habari.

Ni kweli kwamba mfuniko huanza kuangaliwa, na ni haki. Mpira wake unaweza kuwa na uchafu, au mtu wa kituo cha mafuta hakuufunga hadi ukalia. Lakini hata ushauri huo rahisi umepitwa kwa baadhi ya pikapu. Tangu mwaka 2008 Ford imekuwa ikitoa magari ambayo mdomo wa tenki hauna mfuniko wa kuzungusha. Kuna kilango cha chemchemi kinachosukumwa na bomba la kituo cha mafuta. Kumwambia mwenye gari la namna hiyo akanunue mfuniko mpya ni kukiri kwamba gari halikutazamwa. Hapo panapotakiwa kuangaliwa ni mpira wa kilango chenyewe, kama umeshika mchanga au umekunjika.

Isitoshe, mfuniko ukifungwa vizuri taa haizimiki papo hapo. Kompyuta kwa kawaida huiwasha baada ya kuona hitilafu katika safari mbili mfululizo, na huizima baada ya safari tatu mfululizo zilizofaulu kipimo. Kipimo cha mvuke nacho hakifanyiki kila safari: kinataka gari liwe limelala likapoa, hali ya hewa isiwe ya baridi kali wala joto kali, na mafuta yasiwe machache mno wala tenki kujaa pomoni, kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 85. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa ameshatibu ugonjwa na taa ikaendelea kuwaka kwa wiki nzima. Wengi hununua kifaa cha pili katika wiki hiyo.

Pikapu ina mambo yake ambayo gari dogo halina. Hununuliwa ili ibadilishwe: inafungiwa ndoano ya trela, inainuliwa, inawekewa bodi ya kazi, tenki la ziada, taa. Kila anayetoboa au kulegeza kitu karibu na fremu anapita jirani na mabomba ya mvuke. Bomba lililobanwa na boliti, au soketi ya umeme isiyorudishwa ikalia, hutoa namba zilezile kama kifaa kibovu cha kiwandani. Swali la kwanza kwa mwenye pikapu mpya linapaswa kuwa: nani ameigusa tangu itoke dukani? Cha ajabu ni kwamba swali hilo halihitaji mashine, na pengine ndiyo sababu haliulizwi.

Vumbi nalo lina sehemu yake. Vali ya hewa iko nyuma, mara nyingi chini ya bodi, na gari linaloshinda katika njia ya udongo huvuta vumbi hadi vali ikashindwa kufunga. Halafu kuna wadudu. Mwaka 2011 Mazda iliita magari yake ya Mazda6 zaidi ya 50,000 nchini Marekani kwa sababu buibui wa aina fulani, anayevutiwa na harufu ya petroli, alikuwa akijenga utando ndani ya bomba la hewa la mtambo huu. Bomba likiziba, tenki hunyonywa hadi likaweza kupasuka. Mwaka 2014 kampuni hiyo ikalazimika kuita mengine takribani 42,000 kwa buibui yuleyule. Hakuna namba ya hitilafu inayosema "buibui". Aliyegundua alifungua na kutazama.

Wapo pia wenye magari wanaojiletea wenyewe. Bomba la kituo cha mafuta likishakata, mtu anaendelea kubonyeza ili apate hesabu isiyo na senti. Petroli ya maji inapanda hadi kwenye kopo la mkaa, ambalo liliumbwa kwa mvuke tu, na mkaa unaharibika. Huyu akienda kudai dhamana anaweza kukataliwa, na kiwanda hakitakuwa kimemdhulumu.

Kazi ya kutafuta ina mpangilio wake, na mteja anao uwezo wa kuudai hata kama hajawahi kushika spana. Namba isomwe pamoja na kumbukumbu ambayo kompyuta huihifadhi dakika ile hitilafu ilipoonekana: mafuta yalikuwa kiasi gani, joto kiasi gani, mwendo gani. Kisha macho, kuanzia mdomo wa tenki hadi injini. Kisha vali mbili zijaribiwe. Vali ya kunyonyea hutakiwa kufunga pale isipopewa umeme. Ikiwa inanyonya injini ikiwa katika mwendo wa kusimama bila amri ya kompyuta, haishiki, na dalili yake maarufu ni gari kusumbua kuwaka mara tu baada ya kujazwa mafuta. Ile ya hewa ni kinyume chake: isipopewa umeme inakuwa wazi. Baada ya hapo ndipo mashine ya moshi. Moshi mwepesi unasukumwa ndani ya mabomba kwa presha ndogo sana, chini ya ile ya kupulizia puto, na mahali unapochungulia ndipo penye tundu. Gereji makini hutumia gesi ya naitrojeni kuusukuma badala ya hewa ya kompresa, kwa kuwa hewa na mvuke wa petroli ndani ya tenki ni mchanganyiko usiofaa kuchezewa. Kazi hiyo huchukua saa moja au zaidi kidogo. Mteja anayeona uchungu kulipia saa ya uchunguzi, lakini halalamiki kulipia kopo la mkaa ambalo halikuwa bovu, amepiga hesabu yake kichwa chini miguu juu.

Kwa pikapu mpya, hata saa hiyo haipaswi kuwa yake. Sheria ya Marekani inamtaka mtengenezaji abebe vifaa vya kuzuia uchafuzi kwa miaka 2 au maili 24,000, kipi kitangulie, na baadhi ya vifaa vikubwa, ikiwemo kompyuta ya gari, kwa miaka 8 au maili 80,000. Kopo la mkaa na vali zake havimo katika orodha hiyo ndefu, jambo ambalo wauzaji huwaacha wateja walidhanie. Juu ya hapo ipo dhamana ya kawaida ya kiwanda, ambayo kwa kampuni kubwa za pikapu ni miaka 3 au maili 36,000. California na majimbo yanayofuata kanuni zake yana masharti marefu zaidi. Tena, sheria ya dhamana ya mwaka 1975 inamkataza mtengenezaji kufuta dhamana kwa sababu tu mteja alifunga kifaa kisicho cha kampuni yake. Lazima kifaa hicho kiwe ndicho kilicholeta hitilafu. Mwenye pikapu mpya ambaye taa imewaka hana sababu ya kununua chochote. Asifute namba, asibadilishe kitu, apeleke gari likiwa vilevile kwa wakala na adai karatasi inayotaja namba, uchunguzi uliofanyika na tarehe. Taa ikirudi mwezi wa 37, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba tatizo lilianza ndani ya dhamana.

Kwa upande wa viwanda, dhamana ni deni, na wawekezaji wadogo hulisahau wanaposhangilia idadi ya magari yaliyouzwa. Julai 2024 Ford ilitangaza hesabu za robo ya pili, ambamo gharama za dhamana zilikuwa zimeongezeka kwa takribani dola milioni 800 kulinganisha na robo iliyotangulia. Siku iliyofuata hisa zake zilishuka kwa asilimia 18, anguko kubwa kuliko yote ya siku moja tangu mwaka 2008. Hakuna anayesema mvuke wa petroli ndio uliofanya hivyo. Sehemu kubwa ilitokana na hitilafu za magari ya miaka ya nyuma. Lakini deni la dhamana hujengwa na kazi ndogondogo za gerejini, na wakala anayebadilisha vifaa vitatu kumaliza tatizo la kimoja anamtoza mwenye hisa bila yeye kujua. Anayesoma taarifa ya mwaka ya kiwanda cha magari na akauruka ukurasa wa akiba ya dhamana ameacha sehemu inayosema magari yale yametengenezwa vipi.

Hali inakuwa mbaya zaidi pikapu ya mwaka mmoja au miwili inapouzwa tena. Mashine ya kufutia namba ni ya bei ndogo na hukaa mfukoni. Muuzaji anafuta, taa inazimika, gari linaoshwa. Kompyuta kwa upande wake inaandika kwamba vipimo vyake havijakamilika, na cha mvuke, kwa masharti yake yale, huwa cha mwisho kukamilika. Kanuni za ukaguzi zinaujua ugumu huo, na kwa hisani zimeacha mlango wazi: mwongozo wa serikali kuu unaruhusu gari la kuanzia mwaka 2001 lipite ukaguzi likiwa na kipimo kimoja ambacho hakijakamilika, na California, kwa magari ya petroli ya kuanzia mwaka 2000, inaruhusu kimoja tu, ambacho ni hikihiki cha mvuke. Kwa maneno mengine, gari lenye tatizo la mvuke ndilo linaloweza kufutwa namba na kupata cheti bila uongo wowote katika karatasi. Mnunuzi anayetegemea cheti peke yake anategemea tundu lililoachwa makusudi.

Upo ulinzi mmoja ambao wauzaji wengi hawauzungumzii. Magari yaliyoanza kutoka mwaka 2010 na kuendelea huhifadhi namba ya kudumu pale taa inapowaka. Namba hiyo haifutwi na mashine wala kwa kuchomoa betri. Inaondoka tu pale kompyuta inapokipima tena kile kilichoharibika na kuridhika. Mashine nyingi za kusomea, hata za bei ya kawaida, zinaweza kuionyesha. California ilianza kuiangalia katika ukaguzi wake Julai 2019.

Hapo ndipo anayesafirisha gari anapopaswa kuwa mwangalifu kuliko wote. Dhamana nyingi za pikapu hizi zimeandikwa kwa magari yaliyosajiliwa na kuendeshwa Marekani au Canada; likishapanda meli, taa ikiwaka ni ya mwenye mzigo. Meli za magari zinataka tenki liwe karibu tupu, na kwenye kontena betri huchomolewa. Tenki tupu maana yake kipimo cha mvuke hakiwezi kufanyika. Betri iliyochomolewa inaweza kuzifuta namba za kawaida. Pikapu inashuka bandarini taa ikiwa imezimwa, inapigwa picha, inapelekwa mpakani, na taa inawaka baada ya mteja wa Lubumbashi kujaza mafuta na kuilaza nje usiku mbili tatu. Anayelaumiwa ni dalali wa Dar es Salaam, ambaye huenda hakufanya kosa lolote isipokuwa kuamini taa.

Gharama ya kuliepuka hilo ni ndogo na inalipwa upande wa Marekani, kabla fedha hazijatumwa. Anayenunua kwa niaba aweke nusu tenki, alilaze gari hadi lipoe, aliendeshe siku mbili au tatu mjini na barabara kuu, kisha asome mambo mawili: kama kipimo cha mvuke kimekamilika, na kama ipo namba ya kudumu. Muuzaji akisema hana siku tatu, bei ya gari lile na ishushwe kwa saa ya mashine ya moshi na kopo moja la mkaa, au litafutwe lingine.